Chama Kikubwa Kinavyoangushwa kwa Kura

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Kamati ilituomba sisi watu wa darasa la jioni tuzungumze juu ya jambo moja ambalo huulizwa kila mara katika mikutano yetu. Swali lenyewe ni hili: mfanya kazi aliyeshindwa katika mgomo, akafukuzwa kazi, akatolewa katika nyumba na watoto wake, karatasi ya kura yamfaa nini? Wako ndugu wanaosema haimfai kitu, maana wakubwa ni wale wale, leo na kesho. Wako wengine wanaosema kura ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Iondoeni serikali hii, wekeni nyingine, na mambo yote yatanyoka. Sisi tumesoma, tukabishana jioni nyingi, na tumeona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli. Leo twataka kuwaonyesha nusu zote mbili kwa habari za watu wa reli wenzetu.

Habari hizo ni za Bara Hindi. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, reli ya zamani ya kutoka Mombasa hadi ziwani ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya wafanya kazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka huko, na kama 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Kwa hivyo ni wenzetu tangu taruma la kwanza. Pili, huko India mwaka wa 1977 chama kilichokuwa kimetawala miaka 30 mfululizo kiliangushwa kwa kura, na watu wa reli walikuwamo katika mambo hayo tangu mwanzo hata mwisho.

KURA NI KITU KIMOJA, VITI NI KITU KINGINE

Kwanza tufahamu jinsi serikali ya Bunge inavyofanya kazi. Katika India, kama vile katika Uingereza na Kanada, watu hawamchagui Waziri Mkuu. Kila jimbo huchagua Mbunge mmoja, na yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye hupata kiti, hata kama walio wengi hawakumtaka. Kisha kiongozi wa upande wenye Wabunge wengi huwa Waziri Mkuu. Wabunge wakimwacha mkono, hawezi kutawala tena.

Sasa fikirini jimbo lenye wapiga kura 100. Mtu wa chama kinachotawala apata kura 40. Wapinzani ni watatu, na kila mmoja apata 20. Nani ameshinda? Ni yule wa 40. Haya, safari nyingine wale watatu wakae chini ya mti mmoja, wakubaliane kusimamisha mtu mmoja tu. Nani atashinda? Ni yule wa 60. Angalieni, hakuna hata mpiga kura mmoja aliyegeuza nia yake, lakini kiti kimehama. Fanyeni hivyo katika majimbo 500, na asubuhi redio itawaambia kwamba nchi nzima imepinduka.

Na tena wakihama watu wachache tu, kama 9 au 10 katika kila 100, viti huanguka kwa mamia. Shikeni hesabu hii vizuri, maana tutairudia.

MGOMO WA 1974

Mwaka wa 1971 Bibi Indira Gandhi alikwenda kwa wapiga kura akiahidi kuuondoa umaskini. Chama chake cha Congress kilipata viti 352 katika Bunge la viti 518. Watu wakasema hakuna wa kumshinda tena. Lakini katika kila kura 100, yeye alipata kama 44 tu. Waliompa kura wengine walikuwa wengi kuliko waliompa yeye. Basi nyumba ile ilionekana kubwa kwa nje, lakini nguzo zake zilikuwa chache kuliko watu walivyodhani.

Baadaye mambo yakawa mazito. Vita vya 1971 viligharimu fedha nyingi. Mvua zilikosekana 1972. Mwisho wa 1973 mafuta yalipanda bei katika dunia yote. Bei ya chakula ikapanda upesi kuliko mishahara, na mfanya kazi akawa anakwenda dukani na fedha ile ile akirudi na kikapu chepesi.

Watu wa reli ya India, ambayo ni mojawapo ya reli kubwa kabisa duniani, walikuwa na madai yao. Walitaka mishahara ilingane na ile ya viwanda vingine vya Serikali. Walitaka bonasi, ambayo wafanya kazi wa viwandani waliipata lakini wao hawakupewa. Walitaka saa za kazi za watu wa injini zipunguzwe ziwe 8, kwa kuwa kulikuwa na madereva waliokaa juu ya injini muda ambao hakuna mtu awezaye kukaa na macho yake yakawa mazima. Hapa hakuna haja ya kueleza zaidi; kila mmoja wetu anajua usingizi wa saa kumi za usiku.

Kiongozi wao alikuwa Bwana George Fernandes, mwenyekiti wa shirikisho lao la reli, mtu aliyepata sifa kwa kuwaunganisha wafanya kazi wa Bombay. Tarehe 2 Mei 1974, mazungumzo yakiwa hayajaisha, alikamatwa. Mgomo ukaanza tarehe 8 Mei. Wafanya kazi walioshiriki huhesabiwa kuwa kama 1,700,000. Serikali ikajibu kwa nguvu zote. Maelfu walitiwa ndani, maelfu walifukuzwa kazi, na jamaa zao walitupwa nje ya nyumba za reli pamoja na vyombo vyao. Askari waliletwa kulinda njia na kusaidia kuendesha magari. Baada ya siku 20, tarehe 27 Mei, mgomo ulikomeshwa bila ya kupata hata dai moja.

Basi, ndugu, hapo ndipo swali letu linapoanza. Watu hawa walishindwa. Wengi hawakuwa na kazi wala nyumba. Je, walikuwa wamebakiwa na nini?

HALI YA HATARI

Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad iliamua kwamba Bibi Gandhi alivunja sheria za uchaguzi katika jimbo lake la Rae Bareli, na kwamba kiti chake hakikuwa halali. Aliyemshtaki alikuwa mpinzani wake wa jimbo hilo, Bwana Raj Narain. Wapinzani wakamtaka ajiuzulu. Yeye badala ya kujiuzulu akaitangaza nchi kuwa katika Hali ya Hatari, usiku wa tarehe 25 Juni.

Neno hilo wazee wetu wa Kenya hawahitaji kufasiriwa, kwani waliishi chini yake tangu Oktoba 1952 hata Januari 1960. Huko India viongozi wa upinzani walichukuliwa usiku vitandani mwao. Watu zaidi ya 100,000 walifungwa bila kuhukumiwa katika muda wote wa hali hiyo. Magazeti yalikaguliwa kabla ya kuchapwa. Uchaguzi uliokuwa ufanyike mapema 1976 uliahirishwa. Migomo ilikatazwa, na bonasi ya chini kabisa ya wafanya kazi wa viwandani, iliyokuwa zaidi ya 8 katika kila 100 ya mshahara, ilipunguzwa ikawa 4.

Siku hizo wageni wengi waliotembea India walisifu kwamba magari ya moshi yanafika kwa saa yake. Sisi watu wa reli twapenda magari yafike kwa saa yake. Ndiyo heshima ya kazi yetu. Lakini gari linaweza kufika kwa saa yake kwa sababu njia ni nzima na watu wameshiba na kupumzika, au linaweza kufika kwa saa yake kwa sababu kila mtu ana hofu. Aliye ndani ya behewa hawezi kujua tofauti. Aliye juu ya injini anaijua.

Jambo lililowachoma watu wa vijijini kuliko yote lilikuwa la kufunga uzazi. Bwana Sanjay, mwana wa Waziri Mkuu, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote, alisukuma mpango huo. Walimu na watumishi wa Serikali walipewa hesabu ya watu wa kuleta. Katika mwaka mmoja watu zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi, na wengi hawakuulizwa kama walitaka. Shida hiyo ilikuwa kali zaidi katika majimbo ya kaskazini. Katika mji wa Delhi, mwezi wa Aprili 1976, nyumba za maskini karibu na Turkman Gate zilibomolewa, na watu walipokataa walipigwa risasi.

KWA NINI ALIITISHA UCHAGUZI?

Tarehe 18 Januari 1977 Bibi Gandhi alitangaza uchaguzi. Hata leo watu hubishana juu ya sababu zake. Sisi twaona jambo moja lililo wazi. Mtu aliyewafunga wanaosema, na kuwaziba magazeti, hawezi kusikia nchi inasema nini. Wanaobaki karibu naye ni wale wanaoleta habari njema tu. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye injini za mvuke watatuelewa: ukiifunga kwa waya ile vali ya kutolea mvuke uliozidi, kelele itakoma, nawe utadhani mambo ni shwari. Lakini boila halikutulia. Limenyamaza tu.

Wapinzani walikuwa na miezi miwili tu ya kujitayarisha. Walikuwa watu mbalimbali kabisa: Congress wa zamani, Wasoshalisti, chama cha wakulima wa kaskazini, na chama cha Wahindu cha Jana Sangh. Siku nyingine wasingekunywa chai pamoja. Lakini gerezani walikuwa wamelala chumba kimoja, na huko walikuwa wamefanya hesabu ile ya jimbo la watu 100. Wakaungana kwa jina la Janata, maana yake Watu. Mzee wao alikuwa Bwana Jayaprakash Narayan, ambaye zamani aliwahi kuwa mwenyekiti wa shirikisho la watu wa reli. Mwezi wa Februari, Bwana Jagjivan Ram, waziri mkubwa aliyetoka katika watu wa tabaka la chini kabisa, akamwacha Bibi Gandhi, akashirikiana nao.

Na Bwana Fernandes je? Alikuwa bado gerezani, akishtakiwa njama ya kutumia baruti kupigana na Serikali. Alisimama uchaguzi katika jimbo la Muzaffarpur, katika Bihar, bila kutoka kifungoni. Picha yake akiwa na minyororo mkononi ndiyo iliyomwombea kura.

SIKU YA HESABU

Kura zilipigwa tangu tarehe 16 hata 20 Machi 1977. Watu zaidi ya milioni 190 walipiga. Walipomaliza kuhesabu, Congress ilikuwa na viti 154 katika Bunge la 542. Janata walikuwa na 295. Katika Uttar Pradesh, mkoa wenye viti 85 ambamo Congress ilishinda 73 mwaka wa 1971, safari hii haikupata hata kimoja. Katika Bihar, viti 54, haikupata hata kimoja. Waziri Mkuu mwenyewe alishindwa Rae Bareli, na aliyemshinda ni yule yule Raj Narain aliyempeleka mahakamani. Mwanawe alishindwa katika jimbo la jirani. Mfungwa Fernandes alishinda kwa kura zaidi ya 300,000.

Lakini kumbukeni hesabu yetu. Congress ilikuwa imeshuka kutoka kura 44 katika kila 100 hadi karibu 35. Ni watu 9 tu katika 100 waliohama. Na kusini, ambako mkono wa Hali ya Hatari ulikuwa mwepesi zaidi, Congress ilishinda vizuri. Katika Andhra Pradesh ilipata viti 41 kati ya 42. Kwa hivyo India haikupinduka yote. Waliopigwa ndio waliorudisha pigo, nao wapinzani waliwarahisishia kazi kwa kukubaliana.

Jambo lingine tusilisahau: aliyeshindwa aliondoka. Hali ya Hatari iliondolewa, Bibi Gandhi akajiuzulu, na tarehe 24 Machi Bwana Morarji Desai, mzee wa miaka 81, akawa Waziri Mkuu. Haikupigwa risasi moja. Waliotoka gerezani wakaingia ofisini.

WATU WA RELI WALIPATA NINI?

Hii ndiyo nusu ya kwanza ya jibu letu. Waziri wa Reli katika Serikali mpya alikuwa Bwana Madhu Dandavate, Msoshalisti. Wengi waliofukuzwa kwa ajili ya mgomo walirudishwa kazini. Chama kilichokuwa kimevunjwa moyo kikaanza kusimama tena. Bonasi ya wafanya kazi wa viwandani ikarudishwa kama ilivyokuwa zamani. Waziri huyo ndiye pia aliyeanza kuweka magodoro juu ya mbao za kulalia katika mabehewa ya daraja la pili, ambako maskini walikuwa wakilala juu ya mbao tupu safari ya siku mbili. Hata bonasi ya watu wa reli wenyewe, lile dai lililokataliwa katika 1974, ilikubaliwa kuanzia hesabu ya 1979 na 1980.

Basi ndugu anayesema kura haimfai kitu mfanya kazi, na amwulize dereva wa India aliyetupwa nje na vyombo vyake katika Mei 1974, akarudishiwa kazi yake baada ya Machi 1977. Mgomo ulishindwa katika siku 20, lakini habari yake haikuishia pale.

MIAKA MITATU TU

Sasa nusu ya pili, nayo ni chungu. Janata walipatana juu ya mtu wa kumwondoa. Hawakupatana juu ya kazi ya kufanya baada ya kumwondoa. Siku ya kwanza tu wazee watatu walitaka kiti kimoja: Bwana Desai, Bwana Charan Singh wa wakulima, na Bwana Jagjivan Ram. Mwaka wa 1978 Charan Singh alitolewa katika baraza la mawaziri. Mwaka uliofuata akarudishwa. Wengine wakagombana juu ya wale wa Jana Sangh waliokuwa na mguu mmoja katika chama na mguu mwingine katika jumuiya yao ya Kihindu. Mwaka huo wa 1978 Serikali hiyo hiyo, iliyoingia kwa msaada wa wafanya kazi, ilileta mswada wa sheria ya viwanda ambao vyama vya wafanya kazi vingi viliukataa kwa kuwa ungewafunga mikono. Vyama vilisimama kidete, na mswada haukupita.

Badala ya kushika kazi, walitumia nguvu nyingi kumwandama Bibi Gandhi. Walimkamata Oktoba 1977, na hakimu akamwachilia kesho yake. Mwisho wa 1978, alipokuwa amerudi Bungeni kwa uchaguzi mdogo, walimfukuza Bungeni na kumtia gerezani wiki moja. Watu wakaanza kumwonea huruma yule yule waliyemchukia.

Mwezi wa Julai 1979 yote yakavunjika. Bwana Fernandes alisimama Bungeni akaitetea Serikali kwa maneno ya moto, kisha siku chache baadaye akaihama. Desai akajiuzulu. Charan Singh akawa Waziri Mkuu kwa kutegemea kura za Bibi Gandhi mwenyewe, naye alipomwondolea msaada mwezi wa Agosti, akaanguka kabla hajakutana na Bunge hata siku moja.

Katika uchaguzi wa Januari 1980 bei ya vitunguu ilikuwa juu sana, na Bibi Gandhi alivitaja vitunguu katika kila mji. Congress yake ikapata viti 353. Janata, waliokuwa 295, wakarudi 31. Tazameni hesabu: Congress ilipata kura 43 hivi katika kila 100, karibu sawasawa na 1971. Wale watu 9 walikuwa wamerudi, na wapinzani walikuwa wametawanyika tena. Mlango ule ule uliowafungukia ndio uliowafungia.

MIFANO MINGINE MIWILI

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya India tu. Katika Kanada, chama cha Progressive Conservative kilipata viti 169 kati ya 295 mwaka wa 1988. Kikaleta kodi mpya ya 7 katika kila 100 juu ya vitu na huduma, na kazi zilikuwa haba. Oktoba 1993 kilibaki na viti 2. Ndiyo, viwili. Waziri Mkuu, Bibi Kim Campbell, alipoteza chake. Lakini kilikuwa kimepata kura 16 katika kila 100! Chama cha Quebec, kilichopata kama 14 tu, kilipewa viti 54 kwa kuwa kura zake zilikaa mahali pamoja. Kura zilizotawanyika ni kama kokoto zilizomwagwa barabarani. Zikikaa pamoja chini ya taruma ndipo zinapobeba gari.

Mfano wa pili ni Uingereza, Julai 1945. Bwana Churchill alikuwa ametoka kushinda vita, na kila mtu alimshangilia. Lakini wafanya kazi na askari walikumbuka njaa na ukosefu wa kazi wa miaka ya kabla ya vita. Chama cha Labour kilipata viti 393 kati ya 640. Tofauti yake na Janata ni kwamba Labour walikuwa wameandika kwenye karatasi watakalofanya, na vyama vya wafanya kazi vilijadili mambo hayo miaka mingi kabla. Kwa hivyo machimbo ya makaa yakawa mali ya taifa Januari 1947, reli Januari 1948, na matibabu ya bure kwa watu wote yakaanza Julai 1948. Katika 1951 Labour waliondolewa, ingawa walipata kura nyingi kuliko wapinzani wao. Hesabu ya viti iliwageukia. Lakini walioingia hawakuthubutu kuondoa matibabu yale. Serikali ilikwenda, kazi yake ikabaki.

SISI TWAJIFUNZA NINI?

Hapa Kenya Rais huchaguliwa na watu wenyewe, kwa hivyo mambo si sawasawa na ya Waziri Mkuu. Lakini Mbunge wa jimbo lako huchaguliwa kwa hesabu ile ile ya mwenye kura nyingi kuliko wenzake. Na sote twakumbuka Desemba 2002, vyama vilipokaa pamoja kwa jina la NARC na KANU, iliyotawala tangu uhuru wa 1963, ikaondoka. Na twakumbuka kwamba mwaka wa 2005, katika kura ya maoni juu ya Katiba, walioshinda pamoja walikuwa wamesimama pande mbili wakirushiana maneno. Kila mtu na apime mwenyewe.

Sisi twaona mambo matatu.

La kwanza, ni kwa yeyote aliyechaguliwa, awe Waziri Mkuu au katibu wa tawi. Ukishinda kwa viti vingi, uliza ni wangapi hawakukupa kura, kisha uwaache waseme. Mkutano ambao hakuna anayeuliza swali si mkutano wenye amani. Twasema hivi kwa sababu uchaguzi wa tawi letu wenyewe uko karibu, na tumesikia wengine wakisema wanachama wanaouliza hesabu ya michango ni wachochezi. Sivyo. Waacheni waulize, na wajibiwe kwa vitabu vilivyo wazi juu ya meza.

La pili, ni kwa wale wanaotaka kuwaondoa waliopo. Hasira ni makaa mazuri ya kuwashia moto, lakini reli haiendeshwi kwa moto peke yake; lazima pawe na njia, na ratiba, na mtu wa signali. Kabla hamjaungana kumwondoa mtu, andikeni pamoja mtakalofanya kesho yake asubuhi, na nani atafanya, na fedha zitoke wapi. Mkishindwa kukubaliana juu ya karatasi moja, mtagombana juu ya kiti kimoja.

La tatu, nalo ndilo jibu la swali tulilopewa. Kura inaweza kumrudisha mfanya kazi aliyetupwa nje, tumeona. Lakini kura hupigwa siku moja katika miaka mitano, na mshahara hutafutwa kila mwezi. Watu wa reli wa India walifaidi ushindi wa 1977 kwa sababu chama chao kilikuwa bado kipo, kimejeruhiwa lakini kipo, cha kubisha mlango wa waziri mpya na kusema, "Hawa ndio majina ya waliofukuzwa." Na marafiki zao walipoleta sheria mbaya katika 1978, vyama vilisema hapana, kwa sauti ile ile waliyotumia kwa adui. Serikali zote mbili zilikwenda. Waliobaki kwenye njia usiku na mchana ni watu wa reli.

Basi, ndugu, siku ya kura nendeni mkapige kura, na mjue hesabu ya jimbo lenu kabla ya kwenda. Lakini kesho yake, yeyote atakayeshinda, njoni katika mkutano wa tawi, mlipe ada, mlete majina ya wenzetu waliofukuzwa. Orodha hiyo iko mezani kwa katibu. Twaomba asiondoke mtu hapa leo kabla ya kuisoma na kuongeza jina analolijua.

Umoja ni nguvu.